Taya Langu Halijaomba Mapumziko

Nathaniel Malimi,
Mlimani, Ilemela,
Mwanza.
16 Septemba, 1995.

Kwa Daktari Urvi,
Kliniki ya Meno na Kinywa,
Mwanza Mjini.

Ndugu Daktari,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA KUPUMZISHWA KWA TAYA LANGU

Natumaini barua hii itaikuta mikono yako salama, ile iliyonishika kidevu kwa upole Ijumaa ya wiki iliyopita. Mimi si mzima sana, na sababu kubwa ya kutokuwa mzima ni wewe, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Kabla sijalalamika, ieleweke kwamba sina ugomvi na familia yenu. Baba yako, mzee Suresh, ndiye aliyeniuzia kitambaa cha suti ya harusi mwaka 1964, akaniongezea nusu yadi bila kuombwa. Wewe mwenyewe nilikuona ukiwa na miaka minne hivi, umekaa juu ya robota la kitambaa dukani, unatafuna karanga kwa upande mmoja tu wa mdomo, wa kulia. Siku ile sikusema kitu. Juzi ukanikataza mimi kutafuna upande mmoja, na bado sikusema kitu. Nasema leo.

Uliyonieleza niliyaelewa, na ninayaandika hapa ili isije ikasemwa kwamba mzee hakusikia. Ulichukua fuvu la plastiki lililokuwa mezani, ukanionyesha kwamba taya la chini limening'inia kichwani kwa viungo viwili, kimoja mbele ya kila sikio. Ukaniambia niweke vidole hapo nifungue mdomo, nikasikia kitu kinatembea chini ya ngozi kama panya chini ya mkeka. Ukasema kiungo cha namna hii hakina mfano mwilini: kwanza kinageuka kama bawaba ya mlango, halafu kinateleza kwenda mbele kama droo ya meza. Kati ya mfupa na mfupa kuna kisahani cha gegedu kinachoteleza pamoja nao ili mifupa isisagane. Changu cha kushoto kimesogea mahali pake, kwa hiyo nikifungua mdomo mfupa unakiruka, na ndiyo ile "tak" ninayoisikia sikioni. Ukanionyesha na misuli minne ya kila upande. Mmoja uko shavuni, ukiuma meno unavimba. Mmoja uko panjani, mpana kama kipepeo. Miwili imejificha ndani, na mmoja kati ya hiyo, mdogo, ndio unaovuta taya mbele mdomo ufunguke. Ukasema yangu yote imekaza kwa kazi nyingi.

Nikakuuliza kwa nini usitie grisi. Miaka ishirini na tisa nilikuwa mtia grisi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na beringi ikilia hatukuwahi kuiambia ipumzike. Ukacheka. "Mzee, hiki kina mafuta yake chenyewe," ukasema. "Wewe kipumzishe tu." Hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanzia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwanza nalalamikia neno. Mwaka 1993 meneja alituita watu arobaini na mmoja ghalani, akatutangazia kwamba kutokana na mabadiliko ya uchumi tumepumzishwa. Hakusema tumefukuzwa. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu Odeta kwamba nimepewa mapumziko. Akauliza, "Mpaka lini?" Nikamwambia hawakutaja. Kwa miezi mitatu aliendelea kunifulia ovaroli kila Jumapili, akiitundika kwenye kamba iwe tayari kwa Jumatatu. Mwezi wa pili mwaka huu Odeta aliugua siku tisa akafariki, na mwinjilisti akasimama kaburini akasema dada yetu amepumzika. Sasa wewe unasema taya nalo lipumzike. Daktari, mimi niliishia darasa la nane, lakini hesabu hii naiweza. Katika maisha yangu, kila kilichopumzishwa hakikurudi. Naomba utafute neno lingine. Hata "likizo" nitaikubali, kwa sababu likizo huandikwa na tarehe ya kurudi.

2. Uliniandikia kwenye karatasi wiki mbili za vyakula laini: uji, mtori, minofu ya samaki. Uji naujua. Mtori nilipika, nikala, sitaki kuuzungumzia. Nizungumzie minofu. Nyumba yangu iko juu kwenye mawe, na ndege za mizigo zikiruka kutoka uwanjani hupita juu ya bati langu mpaka sufuria zinacheza jikoni. Ndani ya ndege hizo ndimo ilimo dawa uliyoniandikia. Sangara anavuliwa hapa, anachunwa hapa, kisha mnofu unapanda ndege kwenda Ulaya na sisi tunauziwa kichwa na mgongo, yaani mapanki. Mimi ni mtu wa kufuata maagizo, kwa hiyo niliipeleka karatasi yako kwenye geti la kiwanda kimoja cha samaki nikamwonyesha mlinzi. Aliisoma yote, akaigeuza na nyuma.

"Baba, hapa hatutoi dawa."

Nikamwambia minofu ndiyo dawa yenyewe, tazama, imepigwa muhuri. Akanirudishia karatasi kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa. "Basi duka lako la dawa liko Ulaya," akasema.

Nina swali la kitaalamu. Hivi Wazungu hawana misuli minne? Watu wenye visu mezani wanapelekewa kilicho laini, na watu wenye kisahani kilichohama wanaachiwa mifupa waishughulikie. Naomba uandike cheti cha pili, kwa viwanda, kwamba kwa sababu za kitabibu ndege moja kila wiki ishindwe kuruka.

3. Ulisema mdomo wangu usifunguke zaidi ya upana wa vidole viwili. Naona ulisomea mahali ambapo wazee hawaamkiwi. Hebu pima neno "marahaba" kwa vidole vyako. Lina "a" nne, na zote ni za kufungua mdomo. Mtoto anayeniamkia anasema "shikamoo", na mwishoni midomo yake inajikusanya yenyewe, kazi imekwisha. Heshima yote ya nchi hii imeegemezwa kwenye kiungo cha mzee. Kutoka mlangoni kwangu hadi bombani nilihesabu marahaba kumi na saba, yaani "a" sitini na nane, kabla sijaonja hata uji.

Nikajaribu kuitikia "mm", midomo imefungwa na meno yameachana, kama ulivyonifundisha. Siku ya pili yake jirani yangu Mhoja akaja na watoto wake watatu, amewapanga mstari mbele ya mlango.

"Mzee Malimi, hawa wamekukosea nini? Wanasema siku hizi unanguruma."

Nikamweleza habari ya kisahani tangu mwanzo. Alisikiliza vizuri sana, kisha akawageukia watoto. "Msimwamkie tena babu. Mnamvunja." Tangu hapo wananipita kimya, wakiinamisha vichwa kidogo kama watu wanaopita penye msiba. Taya linauma, nakubali. Lakini asubuhi kwenda bombani na kurudi bila kuamkiwa na mtu, hilo nalo linauma, na hukuniandikia kitu cha kulituliza.

4. Elimu uliyonipa haina breki. Tangu uniwekee lile fuvu mkononi siwezi kumwona mtu anakula bila kuona mashine inafanya kazi. Kwenye harusi moja huko Buhongwa nilimtazama panja mzee mmoja, nikifuata ule msuli mpana unavyopanda na kushuka, mpaka akanisogezea sahani yake. Alidhani nina njaa. Nilikuwa na njaa pia, lakini si hoja.

Nilipomweleza jirani yangu wa upande wa pili, Shimba, ambaye kwake dunia yote ni mpira wa miguu, nilikosea nikaanza kwa kusema kiungo wangu amechoka.

"Kiungo akichoka mtoe," akasema papo hapo. "Ingiza mwingine."

"Huyu hana wa akiba."

"Kwani anacheza wapi?"

Nikamwambia anacheza kote. Anatafuna, anaongea, anaimba, anapiga miayo, anacheka, analia, na anaitikia salamu. Shimba alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Huyo mnamwonea, mzee wangu. Huyo si kiungo, hiyo ni timu nzima. Kocha wenu nani?"

Sikumjibu, kwa kuwa Kocha mwenyewe namheshimu. Lakini swali lilinikaa. Serikali imepunguza wafanyakazi ikisema watu watatu walikuwa wanafanya kazi ya mtu mmoja. Sawa. Kwa nini basi kichwani mwangu kitu kimoja kinafanya kazi za watu saba, na hakuna tume iliyoundwa? Napendekeza taya langu libinafsishwe. Upande wa kulia, ambao bado unazalisha, nibaki nao mimi. Upande wa kushoto apewe mwekezaji. Shimba yuko tayari, ana meno thelathini na mawili na kiwanda chao kimefungwa. Yeye atafune, mimi nimeze. Ningekuletea mkataba usaini kama shahidi, isipokuwa kuna chakula kimoja ambacho siwezi kumpa mwekezaji.

5. Hicho ndicho kilichonifanya ninunue karatasi hizi. Matobolwa unayajua, umekulia hapa: viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande, vikaanikwa mpaka vikawa kama gome la mti. Kila mwaka mwezi wa saba Odeta alikuwa akivuka kwenda kwao Sengerema kuanika viazi, mimi nikiwa kiwandani kwenye msimu wa pamba, na alirudi na debe limejaa hadi kifuniko kikakataa. Debe la mwaka jana bado ninalo. Alipofariki lilikuwa limebaki zaidi ya nusu.

Tangu siku hiyo nakula vipande vitatu kwa siku, viwili asubuhi na kimoja jioni. Navila vikavu. Nikivichovya kwenye chai vinakwisha upesi, nami sina haraka. Nakiri kwamba haya ya mwaka jana ni magumu kuliko ya miaka yote. Zamani niliyatafuna huku nasoma gazeti, na gazeti nililielewa. Haya lazima niache kila kitu nishike meza. Nadhani mwaka jana jua lilikuwa kali.

Uliponiuliza nakula nini kigumu nilikutajia, ukaliandika jina lake ukalipigia mstari mara mbili. "Haya, mzee, hata kuyaona usiyaone." Sikukwambia ni ya nani. Hilo ni kosa langu.

Mila ni mila. Nguo zake ndugu waligawana siku ya matanga, na ilikuwa sawa. Jembe lake lilichukuliwa na binamu yake. Picha iko moja, na mpiga picha alimkuta amefumba macho. Kilichobaki ndani ya nyumba hii ambacho mikono yake ilikifanyia kazi, kikamaliza, ni hilo debe.

Juzi, siku ya sita ya agizo lako, nilifunua kifuniko, si kwa kula, kwa kuangalia tu. Chini kulikuwa na unga. Dumuzi ameingia. Dumuzi, Daktari, ni mdudu mdogo kuliko punje ya mtama, mwenye vitaya viwili vinavyokwenda kulia na kushoto. Havina kisahani, havina misuli ya panjani, na havijapumzishwa na mtu. Nililala upande wangu wa kulia, ule ulioniambia nilale, nikawasikia wanakula. Nimehesabu vipande vilivyobaki, ni mia moja arobaini na vinne. Kwa vitatu kila siku ni siku arobaini na nane. Nikikaa kimya mpaka wiki zako mbili zitimie, na kisahani chako kikisema kiongezewe nyingine mbili, nitamkuta mke wangu amekuwa unga ndani ya debe, na waliomla ni wadudu.

Kwa hiyo naomba moja kati ya haya matatu:

(a) Unipe kibali cha siku arobaini na nane. Zikiisha nitalipumzisha taya mpaka liote majani, nitaitikia "mm", nitakunywa uji kama mtoto wa kliniki.

(b) Kama kibali hakiwezekani, uniazime lile fuvu la plastiki. Lina meno yote na halisikii maumivu. Nitalishika mimi mwenyewe kwa mikono, hivyo kwa sheria kazi itakuwa yangu.

(c) Kama yote mawili yamekushinda, upande huku mlimani kwa miguu yako, ufungue debe, na uwaandikie dumuzi wote uji, mtori na vidole viwili.

Nikikosa yote, nitaanza kwa balozi wa nyumba kumi na kuendelea juu.

Umsalimie mzee Suresh, umwambie suti bado inanitosha mabegani. Umsalimie mama, na yule binti wa mapokezi aliyeniita "namba kumi na mbili" kwa sauti nzuri nikasimama kama nimeitwa jina. Na wengine wote waliokuwa kwenye benchi la kusubiri wakishika mashavu, salamu zangu ziwafikie kila mmoja kwa upande unaomuuma.

Ni mimi mgonjwa wako, mtiifu katika yote isipokuwa la tano,

Nathaniel Malimi.

Tanbihi. Bahasha ilikuwa bado haijafungwa nilipobishiwa hodi na shemeji yangu Kija, mdogo wake Odeta, ametoka kivukoni na debe jipya kichwani. Alinikuta na karatasi, akataka nimsomee. Alicheka penye habari ya mlinzi, akacheka penye ya Mhoja. Nilipofika la tano akanishika mkono.

"Shemeji, ngoja kwanza. Odeta aanike viazi?"

Nikamwambia ndiyo, kila mwezi wa saba, miaka thelathini.

"Odeta alikuwa anakuja kukaa kivulini na kunisimulia habari zako. Kuchimba mimi, kuchemsha mimi, kukata mimi, kuanika juu ya mwamba mimi. Mgongo wangu huu hapa, uulize."

Nikamwambia nimekuwa nikiyaomboleza hayo matobolwa kwa miezi saba, vipande vitatu kwa siku.

"Basi umeniomboleza mimi, na mimi niko hai. Siku nyingine ukiniomboleza, unitumie hata kilo ya sukari."

Nilicheka, Daktari. Ilikuwa zaidi ya vidole viwili. Kisahani kiliruka mara mbili, unisamehe. Nilipopata pumzi nikamuuliza sasa kwa nini safari hii ameyafanya magumu namna hii. Kija aliacha kucheka. Alifunua debe la zamani, akatoa kipande, akakigonga kwenye ukingo wa bati.

"Sijafanya kitu. Kila mwaka ndivyo yalivyo, mengine laini, mengine mawe. Yeye alikuwa anayachambua kila Jumamosi, ukiwa umetoka. Laini anakuwekea wewe kwenye bakuli, magumu anayarudisha debeni. Alikuwa ananiambia, 'Mume wangu anatafuna bila kuangalia, nikimwachia atajivunja.'"

Nikamuuliza, na haya magumu aliyala nani.

"Wewe ulidhani nani?" akasema.

Maana yake ni kwamba nilichokuwa natafuna tangu Februari ni fungu lake, alilojiwekea yeye. Maana yake pia ni kwamba agizo lako si jipya nyumbani kwangu. Lilitolewa mwaka 1964, ila aliyelitoa hakuliandika mahali. Kwa hiyo nafuta malalamiko, la kwanza hadi la tano, pamoja na maombi (a), (b) na (c). Ijumaa nitakuja kama ulivyopanga. Uji nimeshakunywa, ameukoroga Kija, una madonge, nimemaliza bakuli.

Sasa hivi yuko sakafuni anachambua debe jipya, magumu kushoto, laini kulia. Kwangu mimi vipande vyote vinafanana. Nimemwomba anionyeshe siri yake ni nini, anasema hakuna siri, ni kuangalia tu.